Stesheni Wagoni ya Peugeot: Taarifa ya Safari ya Bulembia hadi Bwera



Mkutano wa tawi ulitutuma sisi wanne wa kamati tukalijaribu gari, na hii ndiyo taarifa yetu. Wengi wenu gari lenyewe mnalijua kwa macho. Ni Peugeot 504, stesheni wagoni ya safu tatu za viti, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Mzee mmoja wa hapa Bulembia aliliendesha kama teksi kwa miaka mingi kati ya Kasese, Fort Portal na Kampala, kisha akalipumzisha chini ya mwembe. Sasa anataka kuliuza, na tawi linatafuta gari la kubeba wagonjwa, akina mama wenye uchungu na, Mungu apishe mbali, maiti zetu.

Sababu ya kutafuta gari hamhitaji kukumbushwa. Mwezi wa Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Baada ya hapo tuliona wagonjwa wakiteremshwa bondeni kwa bodaboda, dereva mbele, mgonjwa katikati, na ndugu yake nyuma akimkumbatia asianguke. Mtu aliyevunjika mguu hasafirishwi namna hiyo. Tangu siku zile suala la gari halijatoka katika ajenda za tawi, ila kila mara lilikwama kwenye fedha.

Katika mkutano kulikuwa na pande mbili. Vijana wengi walitaka gari la mtumba la Kijapani, kama haya yanayofanya kazi ya spesho mjini Kasese. Wazee walitaka Peugeot, na walipoulizwa sababu walijibu tu kwamba ni Peugeot, kana kwamba jibu limekwisha. Sisi hatukuridhika na upande wowote. Fedha ni za michango yenu, shilingi kwa shilingi, kwa hiyo tuliona afadhali tulipande gari, tuliendeshe, tulilale ndani, kisha tuwaambie mazuri na mabaya yake bila kuficha.

GARI LENYEWE

Peugeot 504 ilionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na umbo la stesheni wagoni likafuata mwaka 1970. Kabla yake kulikuwa na 404, ambayo baba zetu waliijua tangu miaka ya 1960. Watu wa umri wetu tulizaliwa karibu na ule mwaka 1982 ambapo uchimbaji wa shaba ulisimama hapa Kilembe, kwa hiyo 404 tuliikuta ikiwa tayari imezeeka. Hiyo 504 tuliikuta bado bwana. Ukitaka kwenda Kampala na huna muda wa kungoja basi lijae, ulikwenda stendi ukatafuta Peugeot.

Wengi wanadhani stesheni wagoni ni saluni iliyorefushwa buti. Sivyo. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, saluni ina sentimita 274, na stesheni wagoni ina sentimita 290. Mwili wote una urefu wa mita 4 na sentimita 80. Nyuma kuna ekseli moja ngumu, nzima, iliyokalia springi 4 za koili, mbili kila upande. Mtu aliyewahi kubeba magunia ataelewa mara moja. Waliochora gari hili walijua tangu mwanzo kwamba nyuma kutawekwa uzito, wala hawakungoja mnunuzi aongeze springi mwenyewe kwa fundi wa kando ya barabara.

Injini ni ya petroli, silinda 4, ukubwa wa lita 2 kasoro kidogo, na imelala upande ndani ya boneti kama mtu aliyejiegemeza. Fundi tuliyekwenda naye kuikagua aliisifu kwa jambo moja. Slivu za silinda zinatoka. Silinda ikilika huna haja ya kupeleka bloki zima mbali likachongwe. Unatoa slivu na pistoni, unaweka nyingine, kazi inamalizika hapa hapa Kasese. Kichwa cha injini ni cha alumini, na hicho kinataka adabu; ukiliacha gari lichemke mara mbili tatu kitapinda, na gasketi itaungua. Juu ya kuchemka tutarudi, kwa maana lilichemka.

WALIOLITENGENEZA

Tulipokuwa tukiuliza habari za gari hili tulikutana na jambo ambalo muuzaji wa magari hawezi kukuambia, nasi tukaona si haki kulificha katika karatasi ya wafanyakazi.

Hiyo 504 ilikuwa itangazwe kwa waandishi wa habari mwezi Juni 1968. Haikutangazwa. Ilichelewa miezi mitatu, kwa sababu mwezi wa Mei mwaka ule wafanyakazi wa Ufaransa, mamilioni kwa mamilioni, waliweka zana chini. Kiwanda kikubwa cha Peugeot kiko Sochaux, mashariki ya Ufaransa, na wafanyakazi wa Sochaux nao waligoma. Serikali, matajiri na vyama vya wafanyakazi walikutana mjini Paris mwishoni mwa Mei, na kima cha chini cha mshahara kikakubaliwa kipande kwa asilimia 35. Lakini Sochaux mgomo uliendelea hadi Juni, na tarehe 11 Juni 1968 polisi waliingizwa kiwandani. Siku hiyo mfanyakazi Pierre Beylot alipigwa risasi akafa. Mwenzake Henri Blanchet alianguka kutoka ukutani katika vurugu zile, naye akafa. Wengine wengi waliumia.

Miezi michache baadaye gari likatoka, likasifiwa, likaitwa Gari la Mwaka 1969 huko Ulaya. Hatusemi gari hili ni takatifu kwa sababu hiyo. Chuma ni chuma. Lakini tunataka mjue kwamba kabla halijabeba abiria wa Kasese, lilikuwa limekwisha kugharimu watu ambao kazi yao ilikuwa kama ya kwetu, na sababu ya kufa kwao ni mambo yale yale tunayoyadai sisi.

Jambo dogo la pembeni kwa wapasua mbao. Watu wa Peugeot walianza zamani na misumeno na vinu vya kusagia kahawa, magari yalikuja baadaye sana. Yule simba mliyemwona mbele ya gari alikuwa kwanza alama ya misumeno yao.

Gari halikubaki la Wafaransa peke yao. Liliunganishwa Nigeria, katika kiwanda cha Kaduna kilichofunguliwa 1975, na Kenya pia waliliunganisha hadi mwaka 2004. Na jina lake hapa Afrika Mashariki halikujengwa na matangazo. Lilijengwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na ambayo miaka ile ya kwanza njia yake ilikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 matope yalikuwa mabaya kiasi kwamba kila mara magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa Peugeot. Yule dereva wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa akiishi Tanganyika, Tanzania ya leo. Alizijua barabara hizi si kwa kusoma ramani. Baadaye 504 ikashinda 1975 na 1978. Wazee wetu wanapojibu tu kwamba ni Peugeot, miaka hiyo ndiyo wanayoitaja bila kuitaja.

SAFARI

Tuliondoka Bulembia saa moja asubuhi tukiwa watu 7, kama gari lilivyotengenezwa. Tulikuwa sisi wanne, mzee mwenye gari, fundi, na mama mmoja mwanachama wetu wa kiwanda cha pamba. Mama huyu ana mgongo mbaya. Tulimchagua makusudi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu hajui kusema uongo wa heshima. Yeye alikaa safu ya nyuma kabisa.

Aliyeshika usukani kwanza ni mwenzetu ambaye kazi yake ya kila siku ni lori la saruji. Alivuta choki, akapiga stata, injini ikaguna mara mbili ikashika. Halafu shida ikaanza, kwa maana gea ya gari hili haiko sakafuni. Iko kwenye usukani, fimbo nyembamba kando ya mkono. Mwenzetu alitafuta namba moja akapata tatu, gari likatikisika kama ng'ombe aliyechokozwa, likazima. Mara ya pili vilevile. Mzee alikuwa akicheka kimya kimya.

"Polepole, kijana wangu," alimwambia. "Lori unalilazimisha. Hili unaliomba."

Mara ya tatu liliondoka. Tukifika chini ya bonde mkono ulikuwa umekwisha kuzoea, na mwenzetu alikiri kwamba gea ya usukani ina faida yake: sakafu ya mbele inabaki wazi, miguu haibanwi na kitu.

Barabara ya kuteremka kutoka Bulembia mnaijua, na mawe yaliyoachwa na mto mnayajua. Hapo ndipo gari lilipotushangaza. Gari dogo la Kijapani likiingia shimoni hupiga kelele, na wewe uliye nyuma unarushwa hadi kichwa kigonge bati. Hili halirushi. Linazama, linainuka, linaendelea. Mwenzetu mmoja alikuwa na chai katika kikombe cha plastiki, na kufika Kasese mjini alikuwa amemwaga kidogo tu. Viti ni laini, vya zamani, springi zake zinalalamika lakini zinafanya kazi. Usukani ni mzito ukiwa umesimama, na mwepesi ukisha kwenda. Injini haina haraka. Ukikanyaga petroli inafikiri kidogo kwanza, kisha inavuta, na ikishika mwendo haichoki.

Breki ni jambo jingine. Mbele ni za diski, nyuma za ngoma, na za gari hili zimelika. Pedali ilikuwa inakwenda chini sana kabla haijashika. Mzee alituambia tuteremke kwa gea ya pili na kuacha injini izuie gari, nasi tukafanya hivyo, ikawa salama. Lakini dereva wa zamu ya usiku, mwenye mgonjwa anayelia nyuma, hatakumbuka mafundisho hayo. Tunasema wazi: gari hili lisibebe mtu yeyote wa tawi kabla ya breki kutengenezwa zote nne.

Kasese tulijaza tangi hadi juu ili tupime. Kutoka hapo barabara ya kusini ni ya lami, inapita mbugani, na tulikwenda kilomita 80 kwa saa bila wasiwasi. Upepo unapiga kelele kwenye milango kwa sababu mipira yake imekauka, lakini mtu wa mbele aliongea na wa safu ya kati bila kupaaza sauti. Gari linatulia barabarani kwa sababu ya urefu wake. Lori kubwa likitupita, hatukusukumwa pembeni.

Kikorongo, mahali Ikweta inapokata barabara, tulisimama kwa jaribio lililotuleta hasa. Tulishusha watu wote, tukakunja viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukamlaza mwenzetu aliye mrefu kuliko wote. Alinyooka sawasawa. Miguu haikugusa mlango wa nyuma, na upande wake palibaki nafasi ya ndugu mmoja kuketi akimshika. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, mpana, machela inaingia bila kuinamishwa. Watu waliokuwa wakiuza samaki pale walidhani tumebeba mgonjwa kweli, mmoja akatoa pole. Mwenzetu akalazimika kuinua kichwa na kumshukuru, na yule muuzaji akaruka nyuma.

Tulimwuliza mama wa safu ya nyuma hali yake. Alisema: "Kukaa huku si kubaya kuliko basi. Kuingia na kutoka ndiyo kazi. Mnataka mtu mwenye mgongo kama wangu apande kiti cha katikati kama mbuzi anayeruka ua?" Ni kweli. Milango ya pembeni ni minne tu, na safu ya tatu haina wake. Mtu mzima mwenye maumivu asiwekwe huko. Huko ni kwa wasindikizaji, tena vijana.

Kutoka Kikorongo tukakata kulia kuelekea Bwera, na karibu na Kinyamaseke, kwenye kupanda, mshale wa joto ulianza kusogea. Fundi aliuona kabla yetu. Tulisimama, mvuke ukatoka chini ya boneti. Paipu ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka kwa uzee. Mzee hakusema neno. Alifungua mfuko wake chini ya kiti akatoa kisu, kipande cha mpira wa baiskeli na waya. Tulingoja injini ipoe, fundi akaufunga mpira ule kuzunguka paipu mara tatu, akakaza waya kwa koleo, tukaongeza maji kutoka nyumba ya jirani. Dakika 40 zote pamoja na kungoja. Mpira ule ulitufikisha Bwera, ukaturudisha Bulembia.

Hapa vijana waliokuwa wakitetea mtumba wa Kijapani walipata hoja na sisi tukapata yetu. Wao wanasema gari lenye mgonjwa halitakiwi kusimama Kinyamaseke dakika 40. Sisi tunasema ndiyo, lakini paipu mpya inawekwa mara moja kabla ya kazi kuanza, na gari lingine, lile la kompyuta, likisimama pale pale litangoja mtu wa mashine atoke mjini. Mnaweza kupima wenyewe. Tunakubali kwamba gari la Kijapani halichemki mara kwa mara kama wazee wanavyopenda kusema.

Bwera mafundi walilizunguka gari kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Mmoja aliingia chini yake bila kuombwa. Habari ya vipuri tuliyopata kwao si ya kukatisha tamaa, wala si ya kufurahisha. Vitu vidogo, kama plagi, paipu, vitambaa vya breki, vinapatikana au vinatengenezwa. Vitu vikubwa vinatafutwa, vingine ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Congo, vingine vinaagizwa Nairobi kwa mtu anayemjua mtu. Fundi mmoja alitushauri tununue gari la pili bovu la aina hiyo hiyo na kuliweka kama ghala la vipuri. Ushauri mzuri, ila ukiwasikiliza mafundi sana tawi litakuwa na magari matano na hakuna linalotembea.

HESABU YA ABIRIA

Wakati wa kurudi mzee alishika usukani mwenyewe, na ndipo tuliposikia lililo muhimu kuliko yote ya safari. Tulimwuliza siku zake za teksi alipakia watu wangapi.

Alisema 11. Mbele watatu pamoja naye, katikati wanne, nyuma wanne, na watoto hawakuhesabiwa. Springi zilivumilia. Alifanya hivyo miaka, hadi siku moja upande wa Rwimi tairi la nyuma lilipasuka, gari likaenda majanini, na abiria mmoja wa safu ya nyuma akavunjika mguu kwa sababu waliomkalia walimlalia wote. Hakuna aliyekufa.

"Gari lilitengenezwa kwa watu saba," alisema. "Mimi nilitaka nauli za watu kumi na moja."

Baada ya hapo alipakia wanane, na wenzake wa stendi wakamcheka kwamba amezeeka.

Ndugu wafanyakazi wa mashamba, maneno haya tunawaletea ninyi hasa. Tajiri mmoja wa upande huu huwapeleka watu wake shambani juu ya lori, wamesimama, pamoja na mifuko ya mbolea na majembe, na tulipozungumza naye alituonyesha kwamba lori lake ni imara na breki zake ni mpya. Tulimwamini juu ya breki. Hatukumwuliza viti, na yeye hakuvitaja. Mara ijayo mezani tutauliza viti kwanza: vingapi, vimefungwa kwa nini, na nani anahesabu watu asubuhi kabla lori halijaondoka. Uimara wa gari ni sifa ya gari. Idadi ya watu ndani yake huamuliwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuitwa mezani akajibu.

FEDHA NA MAAMUZI

Tulipojaza tena tangi Kasese liliingia lita 16, kwa safari ya kilomita 130 hivi, milima na tambarare. Ni kilomita 8 kwa lita. Si gari la kubana petroli. Mzee anataka shilingi milioni 6. Breki, paipu zote za maji, mipira ya milango, matairi mawili na mikanda ya usalama vinakaribia milioni 2 kwa makadirio ya fundi. Gari la Kijapani tuliloonyeshwa lilikuwa la bei mara nne ya Peugeot, nalo lingekuwa na kilomita nyingi tusizozijua.

Fundi alipoinua zulia la safu ya tatu alikuta kutu, na tundu ambalo kidole kinapita. Anasema sakafu inashonwa kwa bati jipya na kulehemiwa, si kazi kubwa. Mikanda ya usalama ya nyuma haipo kabisa. Ni lazima ifungwe.

Katika kamati yetu watatu tunakubali gari linunuliwe. Mmoja anapinga, na tunaandika hoja yake kwa ukamilifu kwa sababu ni hoja ya mtu anayefikiri. Anasema: kiwanda cha Ulaya kiliacha saluni ya 504 mwaka 1983, Kenya wakaacha kuliunganisha 2004, na kila mwaka mafundi wanaoijua injini hii wanapungua. Leo tunanunua bei rahisi, baada ya miaka mitano tutakuwa na gari zuri lisilo na slivu. Anasema pia kwamba mapenzi ya wazee kwa Peugeot ni mapenzi ya ujana wao, na tawi halinunui ujana wa mtu. Tulimjibu kwamba miaka mitano ya kumlaza mgonjwa akiwa amenyooka ni mingi kuliko miaka ya kungoja milioni 24 ambazo hatuna. Hakushawishika. Aliomba angalau kila mwezi fedha kidogo ziwekwe kando kwa ajili ya gari la baadaye, na hilo tumelikubali wote wanne.

Mzee naye ametoa masharti mawili kabla ya kuuza. La kwanza, atamfundisha dereva wa tawi wiki nzima gea ya usukani na kuteremka kwa injini, bila malipo. La pili, namba 7 iandikwe kwa rangi kwenye mlango wa dereva, kubwa, na dereva atakayepakia wa nane aondolewe siku hiyo hiyo. Alisema likivunjwa sharti hilo atakuja mwenyewe kuchukua ufunguo, hata kama gari si lake tena. Fundi alimwuliza kama mtoto mchanga anahesabiwa. Mzee alifikiri, akasema anahesabiwa.

Kura itapigwa Jumapili saa nane mchana. Gari litakuwa limesimama nje tangu asubuhi, milango wazi. Anayetaka kupinga au kuunga mkono na aingie kwanza hadi safu ya nyuma, akae humo robo saa na watu saba ndani, halafu aje kwenye karatasi.